Askari wawili wasio na majina: Kitendawili cha familia za Mlima Kenya

Kila mwezi wa Novemba, mataifa yaliyopigana katika Vita Kuu mbili za Dunia yanapowakumbuka wanajeshi wao, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru: babu alipigana wapi, na katika kikosi gani?

Mara nyingi kilichobaki ni maneno machache tu. Mzee alitaja Abisinia, akataja Burma, au alisema alikuwa "kwenye vifaru". Zaidi ya hapo hakuna cheti, hakuna nambari ya jeshi wala picha.

Kwamba walikuwepo si jambo la kubishaniwa. Inakadiriwa kuwa Wakenya wapatao 98,000 waliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, wengi wao wakihudumu katika King's African Rifles (KAR) na vikosi vya uchukuzi na ujenzi. Swali ni kwa nini imekuwa vigumu kiasi hiki kumpata mmoja wao kwa jina.

Jibu linaweza kuonekana katika kisa kimoja kinachohusu Nyeri na vifaru moja kwa moja.

Mnamo tarehe 19 Mei 1941, huko Colito kusini mwa Ethiopia, kikosi cha KAR kilishambuliwa ghafla na vifaru vya Waitaliano. Sajini Nigel Leakey, mlowezi aliyezaliwa Kiganjo, alirukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wake na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, akimwacha dereva pekee. Kisha akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Alifanikiwa kupanda juu ya kimoja kabla ya kuuawa kwa risasi za kingine.

Mwaka 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Mwili wake haukupatikana, lakini jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu ulioko kwenye makaburi ya vita ya Nairobi.

Maelezo rasmi ya tuzo hiyo yanasema kwamba katika shambulio la pili Leakey hakuwa peke yake. Alifuatana na afisa mmoja pamoja na askari wawili Waafrika. Majina ya askari hao hayakutajwa.

Watu wawili walivikabili vifaru uwanjani bila kinga yoyote, na waraka ule ule uliohifadhi jina la sajini ukawaacha wao wakiwa idadi tu. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo linalozikabili familia za leo. Askari wa Kiafrika alihesabiwa, akalishwa na kutumwa vitani, lakini aliandikwa kwa uchache.

Ubaguzi huo haukuishia kwenye karatasi. Uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba malipo ya kuagwa jeshini baada ya vita yalipangwa kwa rangi, mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo sawa na chake.

Mwaka 2021, kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa hasa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo.

Hata hivyo, si sahihi kuitupia Uingereza lawama zote za ukimya huu. Sehemu yake ilizaliwa hapa hapa mlimani.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, medali ya mfalme iligeuka kuwa kitu cha hatari nyumbani. Aliyeonekana nayo angeweza kudhaniwa kuwa kibaraka wa wakoloni. Wakati huo huo, ujuzi wa bunduki alioupata jeshini ungeweza kumfanya ashukiwe na serikali. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyepigana Burma akiwa KAR, ndiye aliyekuja kuwa Jenerali China na kuongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Oktoba ya mwaka huo, baba yake Leakey aliuawa na wapiganaji wa msituni.

Katika mazingira hayo, wazee wengi waliona usalama uko katika kunyamaza. Mfalme Charles alipozuru makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi Novemba 2023, aliwakabidhi maveterani wachache waliosalia medali mpya mahali pa zile zilizopotea au kuharibiwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni hofu ya miaka ya Mau Mau.

Kwa familia zinazotafuta, kuna makosa mawili yanayopaswa kuepukwa.

La kwanza ni kudhani kwamba jina lisilopatikana katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ni ushahidi kuwa babu hakuwa askari. Orodha hiyo, ambayo inaweza kusomwa bure kwenye intaneti, ni ya waliofariki. Aliyerudi salama Karatina na kuzaa watoto hawezi kuwamo.

La pili ni kulichukua neno "vifaru" kama lilivyo. Afrika Mashariki ilikuwa na kikosi cha magari ya deraya, East African Armoured Car Regiment, lakini Waafrika wengi zaidi waliokaa nyuma ya usukani walikuwa madereva wa malori ya uchukuzi. Mzee aliyesimulia habari za magari ya chuma huenda alikuwa mmoja wa hao, au alikuwa askari wa miguu aliyevikabili vifaru vya adui kama wale wawili wa Colito.

Majina nayo yana mtego wake. Karani wa jeshi aliandika jina la askari na la baba yake kwa jinsi alivyolisikia. Kwa desturi ya Wakikuyu ya kumpa mjukuu jina la babu, majina yale yale hurudi kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Kijiji, chifu wa wakati huo na rika la mzee ni vielelezo vinavyoweza kumtenganisha Kamau mmoja na mwingine.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Tume hiyo imekuwa ikishirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya kupekua majalada ya wanajeshi wa enzi za ukoloni. Kazi hiyo haitakuwa na maana kamili iwapo majalada hayo yataishia mikononi mwa wataalamu tu, bila mwananchi wa Othaya au Chuka kupewa njia rahisi ya kuuliza habari za babu yake.

Katika kanisa la ukumbusho wa Waitaliano huko Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyewaongoza Waitaliano katika vita vya Ethiopia na kufariki akiwa mateka Nairobi Machi 1942. Kando yake yamo mabaki ya mamia ya wanajeshi wake. Jamaa anayesafiri kutoka Italia anajua mahali pa kuweka shada la maua.

Mjukuu wa askari aliyemshinda mtawala huyo anaishi jirani na kanisa hilo, na bado hajui aanzie wapi. Wajane na watoto wakubwa wa wanajeshi hao sasa ni wazee sana. Kila mmoja wao anapozikwa, jalada moja zaidi hufungwa, na hilo hakuna tume itakayoweza kulifungua tena.