Kompyuta ya Nyumbani: Kuhama au Kubaki?

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, ambao ilikuwa imeutoa mwezi Julai, 2015. Kwa mtumishi wa serikali au mwalimu aliyejinyima miezi kadhaa hata akapata kompyuta ya kuweka nyumbani, tangazo hilo lilileta swali zito. Je, anunue kompyuta mpya, ahamie kompyuta ya aina nyingine kabisa, au abaki na ile ile aliyonayo mpaka ife yenyewe? Swali hili haliwahusu mafundi peke yao. Linagusa mshahara wa mtu, kazi yake, na siri za watu wengine alizokabidhiwa. Kwa sababu hiyo lastahili kujibiwa kwa utulivu, na lisiachiwe wauzaji wa madukani kulijibu kwa niaba yetu.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani hasa kilichotokea. Kompyuta zenye Windows 10 hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka, kuandika na kuchapa kama kawaida. Kilichokoma ni masahihisho ya usalama. Kila mfumo endeshi una kasoro ambazo wenyewe hawakuziona walipoutengeneza. Kasoro zinapogunduliwa, kampuni hutoa masahihisho, na kompyuta huyapokea kwa njia ya intaneti. Kampuni ikiacha kuyatoa, kila kasoro mpya inayogunduliwa hubaki wazi, sawa na mlango ambao kitasa chake kimeharibika na hakuna seremala wa kukitengeneza. Ni kweli kwamba Microsoft iliwaruhusu wenye kompyuta za nyumbani kujiandikisha ili wapate masahihisho hayo kwa mwaka mmoja zaidi, yaani hadi tarehe 13 Oktoba, 2026. Lakini nyongeza hiyo ni muda wa kujipanga tu. Haimwondolei mtu wajibu wa kuamua.

Wapo wanaosema kwamba hatari hizi ni za mabenki na makampuni makubwa, na kwamba mwizi hana haja na kompyuta ya mwalimu wa kijijini. La hasha! Mwezi Mei, 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache. Vilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili viyafungue. Hospitali nyingi za Uingereza zilivurugikiwa na kazi, hata wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Kasoro iliyotumiwa na virusi hivyo ilikuwa imekwisha sahihishwa na Microsoft mwezi Machi mwaka ule ule. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepokea masahihisho hayo. Virusi havikuuliza kama mwenye mashine ni tajiri au maskini. Vilipita palipokuwa wazi.

Tena tukumbuke ni vitu gani vinavyokaa ndani ya kompyuta hizi za nyumbani. Mwalimu huhifadhi humo alama za wanafunzi, mitihani ambayo haijafanywa, majina ya wazazi na namba zao za simu. Ofisa wa halmashauri huja nyumbani na rasimu za barua na orodha za watumishi ili amalize usiku kazi iliyomshinda mchana. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika mwaka 2023, na inataka taarifa za watu zilindwe. Kwa hiyo mtu anayebeba kazi ya umma katika flashi yake na kuichomeka katika kompyuta isiyo na ulinzi hahatarishi mali yake peke yake. Anahatarisha mali ya watu wasiojua hata kwamba majina yao yapo humo.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini kila mtu asipandishe tu kompyuta yake iwe na Windows 11? Hapo ndipo penye tatizo. Windows 11, iliyotolewa mwezi Oktoba, 2021, haikubali kila mashine. Inadai prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane kuendelea, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Inadai pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, pamoja na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Kompyuta nyingi zinazoingia kwetu zikiwa zimekwisha tumika Ulaya au Marekani ni za miaka ya nyuma ya hapo. Mashine nzima, yenye kioo kizuri na kibodi imara, yaambiwa kwamba haifai tena, si kwa sababu imeharibika, bali kwa sababu mwenye mfumo ameweka sharti jipya.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, na zuio hilo likaja kulegezwa baadaye hatua kwa hatua. Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa wakati ule yalikuwa ni gharama kubwa, na kutegemea mno wataalamu wa kigeni katika kuendesha mashine hizo. Hakuna leo anayetaka marufuku ile irudi. Hata hivyo maswali yaliyoulizwa wakati ule bado yana maana kwa mtu mmoja mmoja anayeingia dukani: Mashine hii itanigharimu nini kwa miaka yote nitakayoitumia? Nani ataitengeneza ikiharibika? Na je, nitakuwa naitawala au itakuwa inanitawala?

Kwa maswali hayo hebu tuzipime njia zilizopo.

Njia ya kwanza ni kuhamia kompyuta za kampuni ya Apple. Mashine hizi zina sifa ya kudumu na chaji yake hukaa muda mrefu, hasa tangu mwezi Novemba, 2020, kampuni hiyo ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe badala ya zile za Intel. Lakini bei yake ni mzigo kwa mshahara wa kawaida, na katika laptopu zake za miaka hii kumbukumbu haiongezwi baada ya kununua. Aliyenunua ndogo atabaki na ndogo. Anayevutiwa na zile kuukuu zenye prosesa za Intel, kwa kuwa bei yake imeshuka, ajue kwamba mwezi Juni, 2025, Apple ilitangaza kuwa mfumo wake uitwao macOS Tahoe ndio wa mwisho kuzihudumia. Atakuwa amekimbia mvua na kuingia mtoni.

Njia ya pili ni Chromebook, kompyuta zinazotumia mfumo wa kampuni ya Google. Ni nyepesi, aghalabu ni za bei nafuu, na hazimsumbui mtu kwa matengenezo. Zile zilizotolewa tangu mwaka 2021 zimeahidiwa masahihisho kwa miaka kumi. Udhaifu wake ni kwamba zimeundwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti karibu wakati wote. Kwa anayekaa mahali penye mtandao imara jambo hilo halina taabu. Kwa mwalimu anayenunua bando kwa kuhesabu, na ambaye mtandao humkatikia mvua ikinyesha, ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Njia ya tatu haihitaji kununua kompyuta nyingine. Ni kubaki na mashine ile ile, lakini kuuondoa mfumo uliomo na kuweka Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchini Finland. Tangu hapo umeendelezwa na maelfu ya watu duniani. Upo wa aina nyingi, na mmojawapo ujulikanao sana ni Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ndilo neno letu la utu. Aina nyingine, Linux Mint, hupendwa na wanaotoka Windows kwa kuwa sura yake haiwapotezi njia. Yote hutolewa bure, na leseni yake yaruhusu kuwagawia wengine. Walimu wa shule moja wanaweza kuchanga bando moja, wakaupakua mara moja, na kila mmoja akauweka kwake bila kuvunja sheria yoyote.

Wala wasomaji wa Kiswahili si wageni katika uwanja huu. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden. Programu ya OpenOffice ndiyo asili ya LibreOffice, ambayo ilijitenga mwaka 2010 na ambayo leo huja pamoja na aina nyingi za Linux.

Hata hivyo, tusiwadanganye watu. Kuhama kuna gharama zake hata pale ambapo fedha hazitoki mfukoni. Nyaraka zilizoandikwa kwa programu ya Word hufunguka katika LibreOffice, lakini majedwali na mipangilio ya kurasa huweza kusogea, na mtihani uliopangwa kwa uangalifu ukatoka mashine ya kuchapia ukiwa umevurugika. Baadhi ya printa hazipatani na Linux mpaka zitafutiwe programu zake. Mhasibu anayetegemea programu maalumu iliyoundwa kwa ajili ya Windows tu hana sababu ya kuhama, na akihama atarudi kwa aibu. Tena mafundi wengi wa mitaani wanaijua Windows peke yake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na neno hilo lina uzito hapa.

Lakini mbacha nao ukiliwa na mchwa, mwenyewe hana budi kuukagua. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba mwenye kompyuta isiyokubali Windows 11, na ambaye kazi yake ya nyumbani ni kuandika, kusoma, kupiga hesabu za kawaida na kutumia intaneti, asinunue kompyuta mpya kabla ya kuijaribu Linux katika ile aliyonayo. Jaribio hilo ni rahisi. Mfumo huwekwa katika flashi ya gigabaiti 8, kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo, na mtu akautazama bila kugusa chochote kilichomo ndani. Aandike barua, afungue mtihani wa mwaka jana, achape ukurasa mmoja, asikilize kama sauti inatoka. Vikikubali, ana jibu. Vikikataa, azime, achomoe flashi, na mashine yake itakuwa kama ilivyokuwa.

Kabla ya kuuweka moja kwa moja, yapo mambo mawili ya lazima. La kwanza, anakili mafaili yake yote mahali pawili tofauti, kwa sababu kuweka mfumo mpya huweza kufuta kila kitu, na alama za muhula mzima hazirudishwi kwa machozi. La pili, aangalie diski. Mara nyingi kompyuta inayosemwa kuwa imezeeka haina kosa ila diski yake ni ile ya zamani inayozunguka. Ikibadilishwa na kuwekwa ya kisasa ya SSD, mashine hupata wepesi mpya kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine. Na kila nyaraka anayotaka ionekane vile vile kwa mwenzake, aitume katika PDF.

Yule ambaye mashine yake yaikubali Windows 11, na ambaye ameizoea, abaki na aipandishe. Hakuna fahari katika kuhama kwa ajili ya kuhama. Yule ambaye programu za kazi yake ni za Windows tu, aanze kuweka akiba ya mashine nyingine sasa, na anapokwenda kununua iliyokwisha tumika aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Muuzaji akishindwa kukitaja, aondoke.

Limebaki moja, nalo ni la sisi sote kwa pamoja. Katika kila shule na kila ofisi wapo mmoja au wawili wenye kuzielewa mashine hizi kuliko wenzao. Wakikaa na wenzao Jumamosi moja, wakiwa na flashi chache na kompyuta mbili tatu, watawafundisha mengi, na baada ya hapo yule ambaye printa yake imekataa kuchapa atakuwa na mtu wa kumwendea. Kompyuta isiyo na mtu wa kuulizwa huishia kuwa meza ya kuwekea vitabu, iwe ya aina gani na bei gani. Kwa hiyo anayeamua kuhama asihame peke yake.