Neno la Mhariri: Nafasi ya Kuzaliwa Mtu

Aliyewahi kukaa ngalawani anajua kasa anavyoibuka. Kichwa kinatokeza juu ya maji, hakizidi ngumi kwa ukubwa, anavuta pumzi moja kama mtu aliyechoka, kisha hayupo. Ukigeuka umwonyeshe mwenzio, umechelewa.

Katika mahubiri ya Kipali, Buddha anawataka watawa wake wamfikirie kasa wa namna hiyo, ila ni kipofu, tena huibuka mara moja tu kila baada ya miaka 100. Dunia yote imefunikwa na maji, na juu yake inaelea nira yenye tundu moja. Upepo wa mashariki unaisukuma magharibi, wa kusini unaisukuma kaskazini. Je, yawezekana kasa huyo akaibuka, shingo yake ikaingia tunduni? Watawa wanajibu kwamba ni nadra mno. Ndivyo ilivyo nadra, anawaambia, kuzaliwa mtu.

Toleo hili limesimama juu ya mfano huo, na wengi huusoma kama sifa: sisi ni bora kuliko ng'ombe, basi tujivune. Mafundisho hayasemi hivyo. Tazama gurudumu la maisha, mchoro wa makao ambamo viumbe huzaliwa na kuzaliwa tena, linalochorwa mlangoni mwa nyumba za watawa wa Tibet. Lote, makao ya miungu yakiwemo, limekamatwa kwa kucha na meno na Yama, mfalme wa mauti. Miungu wanaishi raha mustarehe, na raha hiyo inawalevya. Fungu lao la mema likiisha, wanaanguka. Walio motoni wanaungua hata hawawezi kuwaza jingine. Mizuka yenye njaa ina matumbo kama milima na makoo membamba kama tundu la sindano. Mtu yuko katikati. Ana maumivu ya kumwamsha, na ana utulivu wa kuyashughulikia. Thamani yake ni hiyo, si cheo. (Wala hakuna roho inayohama mwili hadi mwili kama mpangaji. Ubudha unakanusha roho isiyobadilika; mfano wake ni taa inayowashia taa nyingine.)

Walimu wa Tibet walilichambua jambo hili kwa subira. Gampopa, tabibu aliyeingia utawani baada ya kufiwa na mkewe, na baadaye Tsongkhapa katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1402, walihesabu nafasi nane na neema kumi zinazoufanya uhai wa mtu kuwa wa thamani. Natumia neno nafasi kwa makusudi. Kwetu ni upenyo, ni wasaa, ni uwezekano, na mtu akisema hana nafasi hatumuulizi amekusudia ipi.

Orodha hiyo ina sehemu nisiyoikubali. Inawahesabu wasioweza kusema miongoni mwa waliokosa nafasi, pamoja na waliozaliwa pembezoni, mahali mafundisho hayajafika. Kiziwi mwenye lugha ya alama hujifunza na hufundisha. Na huko pembezoni ndiko tunakoishi wengi wetu tunaosoma kurasa hizi.

Lakini ile neema ya mwisho ya kumi imenikalia moyoni miezi yote ya kuandaa toleo hili: kuwepo kwa watu wenye huruma wanaomtegemeza anayetafuta. Kumbe nafasi ya mmoja hutoka mikononi mwa wengine. Huko Thailand mtawa hutoka asubuhi na bakuli lake, na mara nyingi anayemtilia wali ni mwanamke. Wali haukujipika. Mwanamke huyo aliamka gizani, akawasha moto, akaosha mchele, akangoja uive, akatoka kusimama kando ya njia kabla watoto hawajaamka kudai chai. Mapokeo yanasema amepata thawabu. Nakubali, lakini jibu hilo halinitoshi. Ikiwa kuzaliwa mtu ni adimu kama shingo ya kasa ndani ya nira, basi na yeye kazaliwa mara hiyo hiyo adimu, na saa za asubuhi yake zina thamani sawa na za mtawa.

Nakuomba, msomaji, usome makala zinazofuata ukiwa na mama huyo akilini. Na kama kuna mtu anayefua uani wakati wewe umekaa na jarida hili, nenda ukampokee beseni kwanza.