HATARI IPIMWE KABLA YA KUJENGA

Ndugu wafanya kazi,

Kila mara twasikia habari za mradi mpya: hapa bohari, pale kiwanda, kwingine kituo cha gesi. Ni jambo jema, maana kazi twaitaka. Lakini yako maswali matatu ambayo yafaa tuyaulize kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ni vitu gani vitakavyowekwa pale? Ni vingi kiasi gani? Na vikivuja au vikiwaka, ni nani aliye karibu?

Sisi watu wa reli twaijua desturi hii. Gari la moshi haliondoki stesheni mpaka breki zimejaribiwa. Hakuna asemaye, "Liondoke kwanza, tutazijaribu njiani." Basi kwa nini mahali pa gesi na sumu pajengwe kwanza, na hatari ije kupimwa baada ya mazishi?

Tazameni mambo ya Embakasi, Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lenye gesi ya kupikia lililipuka mtaani Mradi. Moto ukachoma bohari ya nguo, magari, na nyumba za watu. Wako waliokufa, na zaidi ya 200 waliumia. Kisha EPRA, idara inayosimamia mambo ya mafuta, ikasema kwamba mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale, kwa kuwa ramani hazikutimiza masharti ya usalama na watu wamesongamana. Baadaye NEMA, halmashauri ya mazingira, ikasema kibali chake kilitolewa pasipo kufuata utaratibu, na maofisa wake 4 wakasimamishwa kazi.

Ndugu, fikirini hapo. Hatari ilikuwa imepimwa. Neno "hapana" lilikuwa limeandikwa. Lakini karatasi iliyo ndani ya faili haizuii lori.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hujaa mitaroni, mpaka ikutane na jiko la mtu asiye na habari. Kwa hiyo kupima hatari si kuhesabu mitungi tu. Ni kupima hatua kutoka tangi hadi kitanda cha mtoto, na kutazama kama gari la zimamoto laweza kupita. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaani Sinai, Nairobi, petroli ya bomba kubwa ilivuja ikaingia mtaroni, na moto wake ukaua watu zaidi ya 100.

Wako watakaosema, "Maswali haya yatachelewesha maendeleo, mwenye mali atapeleka fedha zake kwingine." Twawajibu hivi: kiwanda kikilipuka, kazi nazo huungua. Wala anayekuwa karibu na moto si mwenye mali. Ni mlinzi wa langoni, ni kuli, ni dereva, ni mtu wa zamu ya usiku.

Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka mradi uchunguzwe kabla haujaanza. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri apime hatari za mahali pa kazi, na penye wafanya kazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama. Lakini sheria haina miguu. Miguu yake ni sisi.

Kwa hiyo natoa shauri kwa kila tawi:

1. Mradi ukitangazwa, katibu wa tawi aombe kwa barua ripoti ya uchunguzi wake.

2. Ripoti hiyo isomwe kwa Kiswahili mkutanoni, mbele ya wafanya kazi na majirani.

3. Mradi ukikataliwa, tangazo la kukataliwa libandikwe langoni, kila apitaye alione.

Na mjumbe wetu katika kamati ya usalama asiwe mtu wa kutia sahihi tu. Aulize, na jibu aliandike.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Tuulize wakati kiwanja kingali kitupu, maana tangi likiisha kujazwa, swali letu limechelewa.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli