Usiniite Mpenzi, Nipe Chenji Yangu

Naomba nisiitwe mpenzi na mtu ambaye bado ameshikilia chenji yangu. Nisiitwe dia na konda anayenidai nauli kubwa kuliko iliyopangwa, wala mamaa na dalali anayelishindilia gunia langu kwa goti ili limeze debe jingine. Kuanzia stendi ya Katesh mpaka kwenye kaunta za Mbulu mjini, mpaka minadani Haydom na Basotu, tumepachikwa ukoo mpya ambao hakuna aliyeuomba. Kila mtu ni mjomba, shangazi, shemeji, bibi yangu, mama yangu mzazi. Ukoo mkubwa hivyo, na siku ukifiwa hakuna hata mmoja wao atakayekuja kulala matangani.

Watetezi wa tabia hii nawajua. Watasema Kiswahili ni lugha ya undugu, kwamba kumwita mtu kwa jina kavu ni utovu wa adabu, kwamba mtu akikuita mama amekuheshimu na wewe unatafuta ugomvi. Nusu ya maneno yao ni kweli. Mama muuza vitumbua anayeniita mwanangu na kunikopesha mpaka mwisho wa mwezi ana haki ya kuniita apendavyo. Kijana wa Dongobesh anayemtua mzee mzigo, akamwita aako, yaani babu kwa Kiiraqw, akaondoka bila kungoja hata ahsante, huyo ni mjukuu kweli hata kama hawajuani koo. Na mabinti wanaoitana mamii na beibi saluni, waacheni wasukane kwa raha zao. Wanaitana wakiwa sawa, na anayechoshwa anajibu. Ugomvi wangu ni na aliyekaa upande wa pili wa kaunta, mwenye muhuri, mizani au kalamu, anayenipa jina tamu huku mkono wake uko mfukoni mwangu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba haya yanatendeka Mbulu na Hanang, mahali ambapo namna ya kumtaja mtu haijawahi kuwa mchezo. Muulize mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa. Hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno la kawaida kabisa, la maji au la mifugo, likifanana kwa sauti na jina hilo, analiacha na kutumia jingine, na wenzake wanamwelewa kwa sababu wanawake wa Kidatooga wamejijengea msamiati mzima wa maneno ya kukwepea. Anafanya hivyo akikamua, akipika, akimkanya mtoto, miaka nenda rudi, mkwe awepo asiwepo. Unaweza kubishana na mila hiyo, na mimi nina maswali yangu kuhusu kwa nini mzigo mzito wa adabu wabebe wanawake. Lakini huwezi kusema watu hawa hawajui uzito wa kumtaja mtu.

Sasa binti wa mwanamke huyo anafika stendi, na kijana asiyemjua kabisa anamvuta mkoba: "Shemeji, mrembo, twende Arusha!" Ushemeji wa wapi? Kamwoa dada yake yupi? Kwetu ukwe una ng'ombe, una wazee walioketi na kukubaliana, una miiko ambayo ukiivunja unaulizwa. Huyu kijana ameuokota barabarani, bure, na ametwaa pamoja nao ruhusa ya kumshika mtu mkono. Binti akiuondoa mkono huo, subiri usikie. Shemeji anageuka hapohapo kuwa "Mang'ati huyu, mshamba, ana maringo ya nini?" Jina tamu na tusi vimetoka mdomo mmoja, vimeachana kwa pumzi moja. Hapo ndipo unajua kwamba lile la kwanza halikuwa salamu.

Zamani mambo haya yalikuwa na pa kupelekwa. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyekaa na Wabarabaig, tawi la Wadatooga, katika miaka ya 1950, aliandika habari za girgwageda gademga, baraza la wanawake lililokuwa na mamlaka ya kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya mfugo. Si kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa na kuambiwa "msameheane, ni utani tu". Faini, na ng'ombe anatoka zizini. Ningelipa nauli yangu mwenyewe kuliona baraza hilo likiketi stendi ya Katesh siku moja tu ya gulio.

Tuje kwenye vitunguu saumu, maana huko upendo unapimwa kwa magunia. Zao hili limeipa Mbulu jina, na mkulima wa Bashay ameinama shambani miezi kadhaa kabla dalali hajashuka kwenye gari. Anashuka na maneno. "Shangazi yangu, mama yangu, wewe ndiye nimekuja kukuona." Baada ya hapo linakuja gunia lenye kofia, limeshonewa juu nundu ya wavu, lumbesa ambayo Sheria ya Vipimo, Sura 340, inaikataza na ambayo kila mtu kijijini anajua kwamba inakatazwa. Shangazi akisema tutumie mizani, anajibiwa kwa huzuni: "Shangazi, leo umenibadilikia? Sisi si familia?" Hapo ndipo ule ushangazi unapofanya kazi yake. Mwanamke ambaye angemfokea mgeni aliyemwibia anaona haya kumfokea mtoto wa kaka yake, ingawa mtoto huyo amezaliwa asubuhi hiyohiyo pale mlangoni. Kilo ngapi zinapotea kwa haya hizo kila msimu? Hakuna anayezipima, kwa kuwa mizani yenyewe ndiyo iliyokataliwa.

Zahanatini hali ni ya upole zaidi, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Namzungumzia bibi mwenye sketi ya ngozi na vikuku vya shaba, aliyetembea tangu alfajiri. Amelea watoto, amezika mume, anajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na ukoo. Mhudumu wa umri wa mjukuu wake wa mwisho anampandishia sauti kana kwamba uzee ni uziwi: "Bibi! Umekunywa dawa bibi? Bibi mzuri, eeh, fungua mdomo." Hakuna tusi hapo, na mhudumu atakuapia kwamba anampenda. Lakini tazama foleni hiyohiyo. Yupo mwanamke mwingine wa rika lilelile, ameshuka kwenye gari, ana mkoba na miwani. Huyo haitwi bibi mzuri. Anaitwa madam, anapewa kiti, na ugonjwa wake anaelezwa kwa sentensi kamili, dawa hii ni ya nini na ile itamfanya nini. Kama ubibi ungekuwa heshima ya umri, wangeupata wote wawili. Kwa nini wa miwani amenyimwa?

Nimechelewesha nyumba zetu kwa makusudi, kwa sababu huko wakosaji ni sisi tunaosoma magazeti. Kila mwaka wasichana wanatoka vijijini Mbulu na Hanang kwenda kufanya kazi za ndani Babati, Arusha, Moshi, Dar es Salaam. Wakifika wanavuliwa majina. Mwenye jina alilopewa na bibi yake, jina lenye mvua au safari au njaa ya mwaka aliozaliwa ndani yake, anakuwa "dada". Dada leta maji, dada mtoto analia, dada geti. Mwenye nyumba akiulizwa na wageni anasema kwa fahari: "Huyu hatumwiti mfanyakazi, tunaishi naye kama mtoto wetu."

Kama mtoto wenu? Mtoto wenu analala saa ngapi? Anakula pamoja nanyi mezani au anangoja mmalize? Mtoto wenu ana karo, ana bima, ana siku ya kwenda kuona rafiki. Amri ya Mishahara ya 2013 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikakipandisha hadi 60,000. Ni fedha ambayo familia nyingi za mjini huimaliza kwa vocha na soda, na bado wapo wanaoona ni nyingi, na hoja yao ni hiyohiyo ya udada: "Sasa dada naye anahitaji mshahara wa nini, si anakula hapa, si ni mtu wa nyumbani?" Undugu umegeuzwa kuwa makato kwenye mshahara. Msichana akidai anaonekana msaliti wa familia. Akiugua, familia inakumbuka ghafla kwamba ana kwao, na nauli ya basi la Haydom inapatikana asubuhi hiyohiyo.

Na dola nayo ina darasa lake katika hili. Enzi za Ujamaa sote tuliitwa ndugu, kuanzia rais mpaka mchunga ng'ombe, na sikatai kwamba palikuwa na fahari ndani yake. Miaka hiyohiyo NAFCO, shirika la taifa la kilimo na chakula, kwa msaada wa Kanada, lilichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig Hanang kwa mashamba ya ngano. Matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao. Ndugu wa kijiji cha Mulbadaw walipokwenda mahakamani walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarabaig! Hanang! Kwenye mkutano wa hadhara ulikuwa ndugu, kwenye hukumu ukatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni wa hapa.

Mtu ataniletea utani, kwamba nchi hii imejengwa kwa utani na mimi nataka kuiua furaha yake. Utani tunaujua. Mnyamwezi alimtania Mzaramo tangu zama za misafara, na Mzaramo alimjibu, kali kwa kali, na wakazikana. Utani una zamu yako na zamu yake, tena mtani ana kazi msibani. Hebu yule bibi wa zahanati ajaribu zamu yake. Amwambie mhudumu, "Mjukuu mzuri, eeh, nipishe kiti hicho," tuone kama chumba kitacheka. Dada wa kazi naye amwambie bosi, "Mama, mtoto wako anaomba siku mbili." Neno lisiloweza kurudi kwa aliyelitoa ni amri iliyopakwa asali, na mimi sitalilamba.

Kwa hiyo, mhudumu, konda, dalali, mwenye nyumba: hamlazimiki kunipenda. Dalali atoe mizani, konda arudishe chenji, mwenye nyumba alipe mshahara tarehe yake. Na wewe uliyeko kaunta, jina langu limeandikwa kwenye kadi uliyoishika mkononi. Lisome.