NYUMBA NA JAMAA: Ufukwe wa Arusi Huchaguliwa kwa Saa Yake

Kiangazi kinapoingia Bujumbura, tangu mwezi wa Juni hadi Septemba, kadi za arusi huanza kupishana mikononi mwa watu. Mvua zimekatika, shule zimefungwa, na ndugu walio ng'ambo wamepata likizo ya kuja nyumbani. Siku hizi familia nyingi hazitosheki na ukumbi wa mjini. Hutaka sherehe yenyewe, au walau picha zake, zipatikane kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Haja hiyo si ya kulaumiwa. Ziwa hili, ambalo kina chake cha mita 1,470 hulifanya la pili duniani baada ya Baikal, ni fahari ya kila anayeishi kandokando yake, na ni haki ya vijana kutaka lionekane nyuma yao siku ya kuanza maisha mapya.

Lakini namna ya kuuchagua ufukwe huo yafaa iangaliwe upya. Desturi iliyozoeleka ni hii: kamati ya arusi huenda ufukweni Jumapili moja, ikatazama viti, hema, jiko na bei, ikapendezwa na jinsi maji yanavyong'aa, kisha ikatoa malipo ya kwanza. Mpiga picha huitwa mwisho, mambo yote yakiwa yamekwisha kukatwa. Naye akifika huuliza jambo ambalo aghalabu halikufikiriwa na mtu: sherehe itaanza saa ngapi, na watu watakuwa wametazama upande gani?

Swali hilo si la mapambo. Chakula cha arusi huliwa kikaisha siku ileile, na muziki husahauliwa. Kinachobaki kabatini miaka 30 baadaye ni picha, na katika picha watu hutafuta nyuso kwanza, si mandhari.

JUA LIKO UPANDE GANI

Vijana wengi huleta picha walizoziona katika simu zao, za arusi za Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, wakataka zao zifanane nazo. Wakumbuke kwamba fukwe nyingi zinazojulikana za Mombasa na Dar es Salaam hutazama mashariki. Huko jua huchomoza baharini na kuchwa nyuma ya nchi kavu. Tena bahari ile hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua maji huweza kushuka kwa mita 3 au zaidi, hata mahali palipokuwa na mawimbi asubuhi pakawa mchanga mtupu adhuhuri. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo, na jua nalo lina mwendo wake.

Hata fukwe zetu wenyewe hazifanani. Zile zilizo kusini ya mji, kupitia Kabezi mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, hutazama magharibi, kuielekea milima ya Kongo. Zile za ncha ya kaskazini, upande wa Kajaga na Gatumba, hutazama kusini zaidi kuliko magharibi. Tofauti hii hubadili kila kitu.

Katika ufukwe unaotazama magharibi, arusi ya jioni hupata jua likishuka mbele ya wageni. Hapo hutoka zile picha za vivuli viwili vilivyoshikana mikono mbele ya anga jekundu. Ni nzuri, nazo mbili au tatu zatosha. Lakini jamaa wote wakipangwa vivyo hivyo, migongo ziwani na jua nyuma yao, kamera hudanganywa na mng'aro wa maji, na nyuso hutoka nyeusi zisizotambulika. Ufukwe huohuo asubuhi ni kitu kingine kabisa. Jua likishapanda juu ya milima ya Mumirwa humulika nyuso za wanaolipa ziwa kisogo, na mpaka saa 3 hivi nuru yake bado ni ya upole.

Katika ufukwe wa Kajaga, msimu wa kiangazi, mambo huwa kinyume. Katika miezi ya Juni na Julai jua huchwa kaskazini ya magharibi, kwa hiyo watu waliolipa ziwa kisogo hupata nuru ya alasiri ubavuni na usoni, huku maji yakionekana nyuma yao. Anayetaka jua likizama majini hatalipata pale msimu huo, kwa kuwa litachwa upande wa nchi kavu. Anayetaka nyuso za wazazi wake atazipata vizuri. Mwezi wa Desemba jua limehamia kusini ya magharibi, na hukumu hiyo hubadilika tena. Kwa sababu hiyo picha iliyopigwa mahali fulani mwezi wa Desemba si ahadi kwa arusi ya Julai.

SAA HASA YA KUPIGA

Bujumbura iko karibu mno na Ikweta, na jua lake la adhuhuri husimama juu ya utosi au karibu yake. Mapema mwezi wa Oktoba mtu hukosa hata kivuli chake saa 6 mchana. Nuru ya namna hiyo huyafanya macho kuwa mashimo meusi, hung'arisha jasho, na kuifanya nguo nyeupe ya bibi arusi ipoteze nakshi zake zote. Ikiwa ratiba hailegei, mpiga picha hutafuta kivuli cha mwembe au cha hema, akawaweka watu humo, na kumwomba kijana mmoja ashike shuka jeupe upande wa nuru ili liurudishe mwanga usoni. Ni msaada usiogharimu chochote.

Saa zilizo bora ni tangu saa 10 na nusu mpaka saa 11 na nusu jioni. Mwezi wa Julai jua huchwa saa 12 na dakika chache, lakini wakazi wa mwambao wanajua kwamba milima iliyo nyuma ya Uvira, ambayo vilele vya safu yake hupita mita 3,000, hulificha kabla ya hapo, pengine kwa robo saa nzima. Tena katika nchi za Ikweta giza haliji polepole. Hotuba moja ikizidi dakika 20, saa iliyotengwa kwa picha imekwisha. Ndiyo maana mpiga picha mwenye uzoefu huomba picha za jamaa zipigwe kabla ya hotuba, wala si baada yake.

Wapo pia wanaokuja wakitumaini milima ya Kongo iwe pazia la nyuma. Katika kiangazi, hasa Agosti na Septemba, vumbi na moshi wa majani yanayochomwa huijaza anga ukungu, na milima hiyo hupotea kabisa. Huonekana wazi zaidi masika, mvua inapokwisha kunyesha. Ukungu nao una faida yake, kwani hulainisha jua la jioni. Ila asiahidiwe mtu milima ambayo haitaonekana.

UPEPO, MAJI NA WANYAMA

Upepo wa kiangazi hutoka kusini, ukapita juu ya ziwa na kufika ncha ya kaskazini ukiwa na nguvu, na mchana hasa ndipo unapovuma kuelekea nchi kavu. Shela ndefu, iliyopendeza sana dukani, hapo huwa mateso: humfunika bibi arusi uso wakati wa kiapo, na sauti ya shehe au ya padri husikika nusu nusu. Shela ifungwe kwa pini madhubuti, au ifupishwe, na mahali pa kiapo pawe nyuma ya miti au ukuta. Hema zifungwe kwa kamba na vigingi virefu, kwa maana mchanga haushiki kigingi kifupi.

Rangi ya maji nayo iangaliwe. Karibu na mlango wa Rusizi, wakati wa mvua, maji huwa ya udongo; kwa upande wa Rumonge aghalabu huwa maangavu. Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe limekuwa likipanda. Mwaka 2024 maji yalifunika fukwe nyingi, yakaingia katika nyumba na hoteli za kando ya ziwa. Ufukwe uliokuwa na mchanga mpana katika picha za mwaka 2015 huenda leo una ukanda mwembamba tu. Picha ya zamani isiaminiwe. Mahali paonwe kwa macho.

Jambo lililo zito kuliko yote hayo ni viboko. Machweo, saa ileile anga linapokuwa jekundu na vijana wanapotamani picha moja zaidi ukingoni mwa maji, ndiyo saa ambayo viboko hutoka ziwani kwenda kula majani, hata katika mitaa ya mji. Kiboko ni mnyama mwepesi kuliko umbo lake, na humshambulia aliyesimama kati yake na maji. Mamba nao wamo, hasa kuelekea Rusizi. Mpiga picha anayejiheshimu hamwingizi bibi arusi majini mpaka magotini kwa ajili ya picha, wala hamwachi mtoto wa maua acheze ukingoni giza likiingia. Kanuni iwe moja: jua likishajificha nyuma ya milima, watu wote warudi kwenye taa. Wenye ufukwe waulizwe waziwazi kama wana walinzi na mahali ambapo wanyama huzoea kupanda.

WAZEE KWANZA

Baada ya jua na upepo, wafikiriwe wale ambao arusi haiwi arusi bila wao. Nyanya wa miaka 80 hawezi kutembea mita 100 katika mchanga laini, wala kukaa saa 2 juani akingoja msafara wa magari. Mikeka au mbao zitandikwe njiani, viti vya wazee viwekwe kivulini mapema, na picha yao ipigwe ya kwanza, kabla ya picha za marafiki.

Kwa familia za Kiislamu, za Buyenzi na kwingineko, lipo jambo jingine la wazi ambalo husahauliwa: ile saa inayosifiwa na wapiga picha inapakana na sala ya magharibi. Wazee huinuka kwenda kutawadha, na haifai wala si adabu kuwazuia kwa sababu ya kamera. Kundi la jamaa likikusanywa saa 11 kamili, kila mtu atapata haki yake: picha itapatikana, na sala itaswaliwa kwa wakati.

Umbali nao ni gharama. Rumonge iko kilomita zipatazo 75 kutoka Bujumbura, na katika miaka hii ya uhaba wa petroli msafara mrefu unaweza kukwama njiani. Ufukwe mzuri uliofikiwa na nusu ya wageni, tena usiku, umeshindwa na ufukwe wa kawaida uliofikiwa na wote mchana. Maarusi wanaopenda sana mandhari ya mbali wanaweza kwenda wenyewe na wasimamizi wao siku nyingine, asubuhi na mapema. Wanaweza hata kupitia Mugere, kusini ya mji, kwenye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871, ambapo ziwa huonekana kutoka juu. Sherehe ya ukoo mzima na ibaki karibu.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KULIPA

Kwa muhtasari, kamati ya arusi inashauriwa hivi. Kwanza, mpiga picha apatikane kabla ya ufukwe kulipiwa, aende pamoja na kamati. Pili, ziara hiyo ifanywe wiki 2 au 3 kabla ya arusi, katika saa ileile itakayotumika, si Jumapili adhuhuri kwa sababu tu watu wana nafasi. Tatu, mmoja wao asimame mahali patakapokuwa meza ya maarusi, apigwe picha kwa simu, na wote waitazame: je, uso unaonekana? Nne, majina ya jamaa watakaopigwa picha yaandikwe katika karatasi na kukabidhiwa shangazi au mjomba anayewajua wote, ili asitafutwe mtu wakati jua linakimbia. Tano, ipangwe mapema nafasi ya kuhamia iwapo mvua au maji ya ziwa yataharibu mpango.

Hakuna hata moja katika haya linaloongeza gharama ya arusi. Linalohitajika ni kuuliza mapema. Jua litachwa tena kesho yake nyuma ya milima ileile, na mwenye kulitaka atalikuta. Lakini babu, nyanya, shangazi na wajomba wa pande zote mbili, wakiwa wameketi safu moja na nyuso zao zikimulikwa vyema, hukutanishwa na siku ile moja tu. Ufukwe unaowapa wao nuru ndio ufukwe wa arusi.