Fildi Ianzie Sokoni

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukifika, wanafunzi wetu wa vyuo hukimbilia maofisi makubwa. Baadhi yao huishia kutoa fotokopi na kupeleka mafaili. Muda unakwisha, ripoti inaandikwa, mhuri unagongwa. Na hapo Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Teknolojia (DIT), kuna wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoandika mauzo ya siku kwenye kipande cha boksi.

Tusiseme watu hawa wanaiogopa teknolojia. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mama lishe anapokea malipo kwa simu bila kupita darasa lolote. Alipokwama ni kwenye hatua inayofuata. Fedha ya chakula inaingia kwenye laini ileile inayolipa ada na nauli, mwisho wa mwezi hajui faida ni ipi na mtaji ni upi. Madeni yamo kwenye daftari. Daftari likilowa, na deni limekufa. Akienda kuomba mkopo anaulizwa kumbukumbu za biashara, naye hana cha kuonyesha.

Mwanafunzi wa uhasibu au kompyuta anaweza kumsaidia. Amtenganishie laini ya biashara na ya nyumbani. Amwelekeze kupata lipa namba, na amweleze makato yake bila kuficha. Kwa pamoja wahamishie madeni kwenye jedwali ndani ya simu, wapige picha za bidhaa na kuzipanga pamoja na bei kwenye WhatsApp. Amfundishe kumtambua tapeli anayetuma ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Vifaa vingi vya kazi hii tayari vimo kwenye simu ya mwenye duka.

Wakuu wa vyuo, ombi letu ni hili: tengeni sehemu ya nafasi za fildi kwa ajili ya masoko na karakana. Wapangeni wanafunzi wawili wawili, mmoja wa biashara na mmoja wa kompyuta, na mwalimu awe anapita kuwaona. Mafunzo yafanyike saa ambazo wateja wamepungua. Alama zitokane na kile ambacho mfanyabiashara anaendelea kukifanya mwenyewe baada ya mwanafunzi kuondoka, si unene wa ripoti. Mikoani mna wenzenu wa kushirikiana nao: vyuo vya ufundi vya VETA, maafisa biashara wa halmashauri, na SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973.

Jambo moja lisipuuzwe. Mgeni akianza kuuliza mauzo, mwenye duka hudhani ni mtu wa kodi. Kwa hiyo mwanafunzi atambulishwe na uongozi wa soko, asiguse namba ya siri ya mtu, na hesabu alizoziona zibaki pale pale. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; vyuo viwe vya kwanza kuiheshimu.

Wanafunzi, nendeni kwa adabu. Mama mwenye genge anajua kumsoma mteja, kupanga bei na kukopesha bila kufilisika, elimu ambayo hamtaipata yote darasani. Nanyi wafanyabiashara, wapokeeni vijana hawa, lakini msiwaachie simu wafanye kila kitu. Ulizeni, rudieni kwa mikono yenu, mpaka mzoee.

Wewe msomaji, kama unafundisha chuoni, unaongoza soko au una mtoto anayetafuta nafasi ya fildi, usingoje waraka kutoka wizarani. Mwone mkuu wa chuo na mwenyekiti wa soko lililo karibu, wakutanishe, waanze na vibanda kumi muhula ujao.