Mgawo wa vyeo peke yake hautoshi, tuitazame Lebanon

Kumekuwa na ubishi mwingi juu ya ule mgawo wa asilimia 60 kwa 40, na mimi nimeusikia kila mahali, hadi kwenye foleni ya malori pale Kobero. Wapo wanaotaka ubaki daima, wapo wanaosema umekwisha kazi yake. Katiba ya mwaka 2018 yenyewe iliipa Seneti miaka mitano ya kupima kama uendelee au uondolewe. Kwa hiyo si dhambi kuuzungumzia. Ila naona tunabishana kana kwamba sisi ndio wa kwanza duniani kugawana serikali kwa mizani. Hatukuwa wa kwanza. Ipo nchi iliyoanza mchezo huo zamani, na sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tuna sababu ya pekee ya kuitazama.

Nchi hiyo ni Lebanon. Ni ndogo kuliko Burundi. Jenerali Mfaransa, Henri Gouraud, aliitangaza pamoja na mipaka yake mwaka 1920, na mwaka 1932 watu wakahesabiwa dini kwa dini. Ilipopata uhuru mwaka 1943, wakubwa wake walipatana kwa mdomo tu: rais awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu awe Msuni, spika wa Bunge awe Mshia. Bungeni, kwa kila Wakristo sita wakawepo Waislamu watano. Hesabu iliyotumika ni ile ya mwaka 1932, na ajabu ni kwamba tangu hapo hawajahesabiwa rasmi tena. Kila mkubwa anajua kwamba sensa mpya itagusa kiti cha mtu.

Basi watu waliongezeka, wengine wakahamia mjini, wengine wakaenda ng'ambo (hao Walebanon wenye maduka Kinshasa na Lubumbashi hawakushuka kutoka mbinguni), lakini mizani ilibaki palepale. Juu ya hayo wakaja wakimbizi wa Kipalestina, na baada ya mwaka 1970 wapiganaji wao waliofukuzwa Jordan nao wakahamia huko. Tarehe 13 Aprili 1975 basi lililobeba Wapalestina lilishambuliwa katika mtaa mmoja wa Beirut, watu zaidi ya 20 wakafa, na vita ikawaka kwa miaka 15.

Msomaji wa kwetu hahitaji kueleweshwa sana kilichofuata. Mwaka ule ule wa 1975 watu walisimamishwa vizuizini, wakaulizwa vitambulisho, na kwa kuwa dini iliandikwa pale kwenye karatasi, kitambulisho kikawa hukumu. Wenzetu wa Rwanda mwaka 1994 waliyaona hayo hayo, tofauti ni kwamba huko liliandikwa kabila.

Halafu wakaja wageni. Syria iliingiza jeshi mwaka 1976 kwa jina la kutuliza vita, ikaondoka Aprili 2005, yaani miaka 29 baadaye, na hata hapo ilifukuzwa na maandamano yaliyofuata kuuawa kwa Rafik Hariri mwezi Februari. Israel iliingia mwaka 1978, ikaingia tena kwa nguvu mwaka 1982 hadi Beirut, na ikaukalia ukanda wa kusini mpaka Mei 2000. Ni wakati huo wa mwaka 1982, Septemba, jeshi la Israel likiwa limeizunguka, ndipo wanamgambo wa Kikristo walipoua raia katika kambi za Sabra na Shatila. Mwaka uliofuata Wamarekani 241 na Wafaransa 58 waliokuja kulinda amani walilipuliwa kambini mwao asubuhi moja. Kila kundi la ndani lilikuwa na tajiri wake wa nje, na kila tajiri alikuwa na hesabu zake. Hizbullah ilizaliwa katika kupigana na uvamizi huo, na wanamgambo wengine walipokabidhi silaha mwaka 1991, yenyewe ikabaki nazo kwa hoja kwamba kusini bado kumekaliwa. Matokeo yake tuliyaona katika vita ya siku 34 mwaka 2006, na tena mwaka 2024.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wanisikilize hapa. Katika miaka ile ya vita kila kundi lilikuwa na kizuizi chake, na makundi makubwa yalikuwa hadi na bandari zao, yakitoza ushuru ambao serikali haikuuona. Mfanyabiashara wa Beirut alilipa upande huu, akavuka ule mstari uliogawa mji, akalipa tena upande wa pili. Dola moja iliyokuwa chini ya pauni 3 mwaka 1975 ilivuka pauni 2,000 mwaka 1992. Kisha waliokuwa wakitoza vizuizini wakawa mawaziri. Sisemi kwa mzaha, ndivyo ilivyokuwa: makamanda walivaa suti, wakagawana wizara kwa ile ile mizani. Pauni ilifungwa kwenye 1,507 na nusu kwa dola kuanzia mwaka 1997, watu wakaamini, wakaweka akiba. Mwaka 2019 benki ziliwafungia wateja milango, na kufikia mwaka 2023 dola moja ilikuwa imepita pauni 90,000 mitaani. Mwenye duka aliyevuka salama miaka 15 ya mabomu alifilisiwa na kalamu.

Makubaliano yao ya amani yalitiwa saini Taif, Saudi Arabia, mwaka 1989. Ile sita kwa tano ikawa nusu kwa nusu. Na hili ndilo ningependa wabunge wetu walisome mara mbili: katiba yao iliyorekebishwa mwaka 1990 ilisema wazi kwamba mgawo wa kidini ni wa muda, na kwamba itaundwa kamati ya taifa ya kuuondoa hatua kwa hatua. Miaka zaidi ya 30 imepita na kamati hiyo haijafanya kazi. Nani aiunde? Wale wale wanaokula kwa mgawo? Hata ndoa huko ni ya dini, hakuna ya serikali. Vijana wa dini mbili hupanda ndege kwenda Cyprus kuoana. Na mpiga kura hupiga kura kijijini kwa babu yake, hata kama yeye amezaliwa na kukulia mjini.

Sasa nije kwa wenzangu tuliorudi. Mimi nilirudi mwaka 2008 kutoka upande wa Kigoma, na ninajua maana ya kukuta mtu mwingine anavuna michikichi iliyopandwa na baba yako. Lebanon nao walikuwa na wakimbizi wa ndani mamia ya maelfu. Katika milima ya Chouf, baada ya mapigano ya mwaka 1983, Wakristo walikimbia na Wadruze wakabaki. Vita ilipokwisha iliundwa wizara nzima ya kushughulikia waliohamishwa. Ilitumia fedha nyingi, ikawalipa waliokalia nyumba za wengine ili watoke, ikawalipa wenye nyumba ili wajenge, na lawama za fedha hizo kufuata wafuasi wa wakubwa hazikuisha. Vijiji vingi vilirudishiwa kuta, vikakosa watu. Patriaki Nasrallah Sfeir na kiongozi wa Wadruze Walid Jumblatt walikutana huko milimani kupatana mwaka 2001, miaka 18 baada ya damu kumwagika. Mtoto aliyekimbia akiwa na miaka mitano alishakuwa na miaka 23, kazi yake iko mjini, shamba halijui.

Ndiyo maana nasema ubishi wetu wa asilimia umekaa upande. Sitaki mgawo uondolewe kesho. Jeshi lenye nusu kwa nusu limetusaidia kulala, na anayesema vinginevyo amesahau 1993. Lakini asilimia 60 wala 40 haijampatia mjane wa Nyanza-Lac shamba lake. Waliokimbia mwaka 1972 walirudi wakakuta sheria ya ardhi ya mwaka 1986 inamlinda aliyekalia muda mrefu. Tume ya ardhi ya mwaka 2006 iliamua kesi nyingi, nyingine ikazigeuza kulingana na mwenyekiti aliyekuwepo, na wengine wetu tukapelekwa vijiji vya amani, mbali na maziwa na mashamba tuliyoyajua. Mbunge wa kabila langu akipata kiti, mimi nimepata nini ikiwa karatasi ya shamba sina?

Na kuna wafu. Lebanon walitoa msamaha wa jumla Agosti 1991, wakafunga kitabu. Watu wapatao 17,000 walikuwa hawajulikani walipo. Mama zao waliandamana na picha mwaka baada ya mwaka, wakapiga hema katikati ya Beirut mwaka 2005, na sheria ya kuwatafuta waliopotea ikapita mwaka 2018 tu, wakati akina mama wengi walishazikwa wao wenyewe. Sisi angalau tume yetu ya ukweli ilifukua, na mwaka 2020 ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karuzi. Ni jambo kubwa. Lakini mifupa ile inatakiwa kupewa majina, na ifukuliwe ya miaka yote na ya pande zote, bila kuchagua 1972 na kuruka 1993, au kinyume chake.

Seneti ikiitisha tena maoni ya wananchi juu ya mgawo, mimi nitakwenda na maswali mawili: ni lini kila aliyerudi atapewa hati ya ardhi yake au fidia kamili, na ni tarehe ipi, yenye siku na mwezi, ambayo mgawo utapimwa tena.